Mashairi ya Upweke kwa Mwenye Eda

Ganda, 27 Januari 2025

Kwa Mwalimu Afiya,

Assalaam aleikum. Naanza na pole, ingawa pole nilikwisha kumpa kaka yako Swaleh siku ya mazishi. Marehemu mumeo Twahir alikuwa mtu wa kunyamaza, na alipofungua kinywa alisema la maana. Mola amlaze pema.

La pili ni kazi. Mkuu wa shule amenitoa shambani. Nimestaafu mwaka wa tatu huu, nalima mihogo na kugombana na nyani, na sasa ameniomba nishike darasa lako la Kiingereza, kidato cha nne, mpaka utoke eda. Nimekubali. Nimefungua kitabu chenu nikakuta muhula mzima ni mashairi ya Kiingereza ya zamani juu ya upweke na maumbile: mabwawa, ukungu, vilima, na watu wanaotembea peke yao bila kutumwa na mtu. Mwalimu, miaka yote mimi nilifundisha sarufi. Mashairi uliyafundisha wewe, chumba cha pili, nami nikiwasikia wanafunzi wako wakicheka nyuma ya ukuta.

Naomba unielekeze. Mwalimu Jedida wa hesabu, ambaye hupita kwenu Mambrui kila jioni, atabeba barua na madaftari. Bahasha zangu sitazibandika. Mdogo wako Fatu azisome kwanza, kisha akupe. Simu siipigi, kwani si adabu sauti yangu kuingia nyumbani mwa mwenye eda kila mara.

Wako katika kazi,
Muzammil


Mambrui, 2 Februari 2025

Kwa Mwalimu Muzammil,

Waaleikum salaam. Nashukuru kwa pole na kwa kunishikia darasa. Nilikuwa na wasiwasi wataletewa mtu wa kuwakaririsha.

Usianze na msamiati, Mwalimu, najua mkono utakuwasha. Fungua dirisha, soma shairi zima mara mbili, kisha uliza swali moja tu: huyu mtu amekwenda huko kutafuta nini, au anakimbia nini? Halafu nyamaza. Wataogopa ule ukimya na wataujaza wenyewe. Anza na lile la bwana aliyehama mjini akajenga kibanda ukingoni mwa bwawa. Anataja vitu alivyoviacha kimoja kimoja, kisha anashukuru kwamba hakuna anayebisha mlangoni. Mtunzi wake hajulikani, kwa hiyo hakuna atakayekuuliza alizaliwa lini.

Mimi sijambo. Nimo ndani, sijitii manukato, natimiza siku nilizoamriwa. Zitakwisha katikati ya Mei, inshallah. Niletee madaftari, nisije nikasahau kalamu nyekundu inashikwaje.

Afiya


Ganda, 12 Februari 2025

Kwa Mwalimu Afiya,

Nilifuata shauri lako. Nilifungua dirisha nikasoma mara mbili, na punda wa jirani wa shule akasoma pamoja nami. Nikauliza swali lako, nikanyamaza. Kimya hicho nusura kiniue, lakini hatimaye Ndirangu, yule ambaye baba yake ana duka la mabati, akasema bwana wa bwawani ana msongo wa mawazo na jamaa zake wampeleke hospitali. Darasa likacheka. Ndipo Kahonzi, msichana wa hapa Ganda anayekaa karibu na mlango, akauliza: "Mwalimu, na akifa huko, nani atajua?"

Nikapiga kengele dakika tano kabla ya wakati.

Swali lile nimekwenda nalo nyumbani. Tangu mke wangu afariki, huu ni mwaka wa saba, naishi peke yangu hapa shambani. Nakula nipendapo, nalala nipendapo. Watu hunionea huruma nami hujibu kwamba niko raha mustarehe. Na kwa kweli raha ipo, hasa alfajiri nikiketi barazani, umande umejaa kwenye majani ya mihogo na hakuna anayeniuliza neno. Niliposoma shairi lile mara ya pili nilimwona bwana yule kama jirani ambaye sikuwahi kumtembelea. Nadhani Mwingereza wa zamani alijua jambo ambalo sisi huku, kwa kuzaliwa katika nyumba zilizojaa, hatujapata nafasi ya kulijua. Je, ni makosa kuwafundisha hivyo?

Madaftari thelathini na nne yako kwa Jedida.

Muzammil


Mambrui, 21 Februari 2025

Kwa Mwalimu Muzammil,

Kahonzi apewe alama zote, na zako za kupiga kengele mapema nitazipunguza. Nilicheka mpaka Fatu akaniambia mwenye eda hacheki hivyo.

Si makosa. Nami nitakwambia kwa nini, maana hapa hakuna wa kumwambia. Jedida, kwa kuwa kwao ni bara, akisikia eda hudhani nimefungiwa chumbani peke yangu. Juzi aliniletea maandazi akaniuliza kwa huruma kama upweke hauniumizi. Upweke uko wapi, Mwalimu? Tangu siku ya msiba nalala na shangazi wawili chumba kimoja. Asubuhi huja majirani, mchana wakwe, jioni wale ambao asubuhi hawakupata nafasi. Nikilia nanyamazishwa, nikinyamaza naulizwa nawaza nini. Wanafanya hivyo kwa mapenzi na Mungu atawalipa. Lakini sijapata hata saa moja ya kumlilia mume wangu nikiwa peke yangu.

Niliolewa nikiwa na miaka ishirini, nikitoka katika nyumba ya watu kumi na moja. Sasa nina hamsini na miwili na sijawahi kulala usiku mmoja ndani ya nyumba bila mtu mwingine. Mashairi haya nimeyafundisha miaka ishirini nikidhani nayajua. Siku hizi naingia bafuni na kitabu, nafunga kitasa, nasoma beti mbili kabla hawajagonga.

Sasa fundisha lile la mwanamke anayepanda kilimani kabla ng'ombe hawajatoka. Kuna ukungu, anamsikia ndege mmoja, hamjui jina na hataki kumjua. Waambie wanafunzi wasikimbilie kutafuta mafumbo. Ni ndege tu, na ni asubuhi tu, na mtu huyo ameachwa kwa muda mfupi asiwe mama wa mtu wala mke wa mtu. Hapa kwangu ndege ni mnana, zaidi ya ishirini katika mnazi mmoja, na wote wanasema kwa pamoja kama wakwe zangu. Fatu akiisoma hii asiwaambie.

Afiya


Mambrui, 9 Machi 2025

Kwa Mwalimu Muzammil,

Shikamoo. Ni mimi, Fatu, msomaji wako wa kwanza, ingawa hukuniuliza kama napenda mashairi. Saumu inaendaje huko Ganda?

Mwalimu, mimi si msomi. Nimeacha cherehani yangu Muyeye nije nikae na dada mpaka atoke eda. Lakini fundi akitazama nguo huuona mshono ulikopita. Barua yako ya kwanza ilikuwa ukurasa mmoja. Ya Jumatatu ilikuwa kurasa nne, na darasa limetajwa mistari mitatu. Kurasa zilizobaki ni umande, alfajiri, na raha ya kuishi peke yako. Sasa nakuuliza, na dada hajui kama nakuuliza: una nia naye au huna? Kama huna, punguza karatasi. Kama unayo, sikia.

Mwanawe Saad anataka mama akitoka eda ahamie kwake Mombasa akakae na wajukuu, na nyumba hii ipangishwe. Atakuja Idi kuchukua jibu. Ni kijana mwema, hamlazimishi, lakini hakuna mwingine aliyemwambia mama yake neno lolote la kumfanya abaki. Na wewe, wallahi sijaona! Kila wiki unamsifia mtu anayeshukuru kutobishiwa hodi. Mwanamume akitaka mke husifu ukapera?

Mdogo wako,
Fatu


Ganda, 11 Machi 2025

Kwa Fatu,

Marahaba. Saumu inakwenda vizuri, isipokuwa tangu barua yako ifike chakula cha futari hakishuki.

Ninayo nia. Nimelichelewesha neno hilo mpaka kalamu ikakauka. Mola shahidi yangu, sikuwa nayo alipokuwa mke wa mtu. Ilikuja na ile barua ya kitasa cha bafuni. Niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Nilitamani apate nyumba nzima ya kunyamaza ndani yake, na mimi niwe mahali fulani karibu nisimsemeshe. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimepatikana.

Lakini wewe unajua sheria kama ninavyoijua. Mwenye eda haposwi. Kudokeza kumeruhusiwa, na mimi kudokeza sikujui, nilifundisha sarufi. Nikaona nikae ndani ya mashairi, kwa kuwa humo sitamkosea Mungu wala marehemu. Usimwambie, tafadhali. Ukimwambia wewe ni sawa na kusema mimi, na nitakuwa nimeiba siku ambazo si zangu. Zimebaki sitini na sita.

Nitajaribu kudokeza kwa heshima kabla Saad hajaja.

Muzammil


Ganda, 19 Machi 2025

Kwa Mwalimu Afiya,

Leo tumesoma shairi la bustani. Unalikumbuka: mzee ana benchi refu la mawe chini ya ukuta, na kila jioni anakwenda kuketi hapo peke yake kutazama maua ya mpera wa kizungu yakianguka. Mtunzi anasema mzee hana haja ya mtu. Beti sita nzima anasema hana haja ya mtu.

Lakini nimewaonyesha wanafunzi jambo moja ambalo mtunzi amelitaja mara moja tu na hakulirudia. Mzee anaketi mwisho wa benchi, upande mmoja. Benchi ni lake, bustani ni yake, na mtu anayependa upweke kwa dhati angeketi katikati na kunyoosha mikono. Kwa nini basi aketi pembeni, aache nafasi yote ile tupu? Nimewaambia wafikirie. Na wewe, ukipata nafasi, nawe ulifikirie. Ningependa sana kujua jibu lako kabla ya Idi.

Saumu njema,
Muzammil


Mambrui, 6 Aprili 2025

Kwa Mwalimu Muzammil,

Idi mubarak. Nimechelewa kwa sababu nyumba ilijaa wageni. Saad alikuja na mkewe na watoto, wakala, wakalala, wamerudi.

Kuhusu benchi: mzee anaketi pembeni kwa kuwa ndipo penye kivuli. Jioni jua huja kwa upande, na ukuta hauwezi kufunika benchi lote. Waambie wanafunzi wasome tena ubeti wa pili, kivuli kimetajwa.

Sasa nikupe habari yangu, kwani umechangia. Saad aliniomba nihamie kwake Mombasa. Miezi miwili iliyopita ningekubali bila kufikiri, maana mama mjane huenda kwa mwanawe, ndivyo tulivyokuta. Nimemwambia hapana. Nimemwambia nikitoka eda nataka shangazi warudi kwao, Fatu arudi kwenye cherehani yake, na mimi nibaki katika nyumba hii peke yangu. Alinitazama kama Ndirangu alivyomtazama bwana wa bwawani. Kisha akanibusu mkono akasema, "Mama, kama ndiyo raha yako, basi."

Asante, Mwalimu. Katika watu wote walioniandikia na kunijia, ni wewe peke yako ambaye hukuniambia nikaishi na nani. Barua zako za alfajiri ya Ganda ndizo zilizonipa ujasiri.

Afiya


Ganda, 18 Mei 2025

Kwa Afiya,

Assalaam aleikum. Eda yako imekwisha juzi, na nimengoja siku mbili zaidi ili nisionekane mtu aliyekuwa amesimama mlangoni. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

Barua yako ya Aprili niliiweka mezani wiki sita bila kujibu isipokuwa kwa madaftari. Nilifurahi hukwenda Mombasa, kisha nikaelewa nilichokifanya. Kwa mikono yangu, kwa kalamu yangu, nimekufundisha kutonihitaji. Fatu alinionya, sikusikia.

Sasa naruhusiwa, nami nasema wazi kwa kuwa kudokeza kumenishinda. Nakupenda, Afiya. Nataka kukuposa. Ile raha ya alfajiri niliyokusifia ni ya kweli, lakini kila niliposhika kalamu kukuandikia habari zake haikuwa tena raha ya peke yangu, kwa kuwa nilikuwa naitunza nikuletee. Nimekuandikia wewe kwanza kabla dada yangu Zuwena hajapeleka neno kwa kaka yako. Sitaki ujibu mbele ya watu wanaokutazama uso. Ukikataa, hakuna atakayejua isipokuwa Fatu, na huyo Mungu atusaidie.

Muzammil


Mambrui, 25 Mei 2025

Kwa Muzammil,

La benchi nililielewa siku ile ile. Nilisoma, nikaingia bafuni nikafunga kitasa. Nilijibu kivuli kwa kuwa nilikuwa ndani ya eda ya mtu niliyeishi naye miaka thelathini na miwili, na jibu jingine halikuwa halali yangu. Usidhani mwalimu wa mashairi hajui mzee anamwachia nani nafasi.

Lakini yale niliyokwambia kuhusu nyumba hayakuwa kisingizio. Hapo ndipo wewe na mimi tulipopishana. Wewe ulikuwa ukizituma kurasa zile kama barua, mimi nikawa nazisoma kama mashairi. Yule mwanamke wa kilimani nilimwamini kweli. Nataka kujua ninakuwaje pasipo mtu wa kuniita. Nisipojua sasa nitaingia kwako kama nilivyoingia kwa Twahir, Mungu amrehemu, kutoka mkononi mwa watu kwenda mkononi mwa mtu. Nawe hustahili hivyo, kwani umengoja vizuri.

Shangazi waliondoka jana. Fatu ameondoka leo asubuhi, analia na kunikonyeza kwa wakati mmoja. Naogopa kidogo. Nipe muda, na sikuambii mwisho wake kwa kuwa siujui. Usiniandikie. Ukiniandikia nitajibu, na nikijibu sitakuwa peke yangu.

Kama hilo ni gumu kwako, mtume Bi Zuwena kwingine, na sitakuona mbaya.

Afiya


Ganda, 27 Mei 2025

Kwa Afiya,

Nimekurudishia darasa lako na chaki nusu boksi. Kahonzi amepata alama themanini na moja.

Zuwena nimemwambia akae nyumbani. Kwingine hakuna. Ni gumu, na sitajifanya si gumu; niliyaandika yale yote kuhusu raha nikiwa na barua yako inayofuata ya kuingojea. Sasa nitaona kama nilisema kweli.

Sitaandika.

Muzammil


Mambrui, 14 Septemba 2025

Kwa Muzammil,

Ni miezi mitatu na nusu nawe hukuandika hata mstari. Jedida aliniambia ulipita shuleni kuchukua karatasi zako za pensheni, ukauliza kama paa la darasa langu bado linavuja, ukaondoka.

Wiki ya kwanza nililala na taa zote zinawaka na redio inasema. Ya pili nikazima redio. Mwezi wa Julai nilimlilia mume wangu kwa sauti, siku nzima ya Jumamosi, na hakuna aliyeninyamazisha mpaka nilipomaliza mwenyewe. Nilioga, nikapika mchuzi wa kutosha mtu mmoja kwa mara ya kwanza maishani, nikakosea chumvi. Baada ya hapo nikawa natoka alfajiri kutembea mpaka kwenye vilima vya mchanga, peke yangu. Mambrui ikahangaika. Bi huyu ananiuliza kuna mgonjwa, mzee yule ananiuliza nimetumwa na nani. Nawajibu natembea tu, nao wananipa pole.

Mashairi yale ni ya kweli, Muzammil. Niliipata raha ile na ni yangu, hakuna atakayeniondolea, na yeyote atakayeishi nami itambidi aniachie asubuhi zangu za vilimani. Nakwambia mapema.

Jumatatu iliyopita nilikuwa huko, jua halijatoka. Ukungu ulikuwa umelala chini, jambo la nadra pwani yetu, na ndege mmoja akalia ambaye sikumjua. Nilisimama. Kila kitu kilikuwa kama nilivyokisoma miaka ishirini. Nikageuka nimwambie mtu, na niliyegeuka kumwambia hakuwa marehemu.

Nimekaa na jambo hilo wiki nzima ili niwe na hakika si upweke unaonisukuma. Sio. Peke yangu naweza. Nakutaka tu.

Kaka Swaleh huwa nyumbani Jumapili. Bi Zuwena akienda, aende kabla ya adhuhuri, kwani Swaleh akisha kula hulala, na akiamshwa huwa mkali. Asihangaike kutafuta maneno ya kumshawishi. Swaleh ataniuliza mimi, kama ada, na jibu langu nimeshampa.

Afiya